Shamba Lisilo na Udongo

Jioni ya tarehe 31 Desemba, 2020, nilikaa mbele ya kompyuta chumbani kwangu, Tanga, nikiaga shamba. Halikuwa shamba la mihogo wala la minazi. Lilikuwa shamba la picha, lenye ng'ombe wa picha na miti ya picha, ndani ya mchezo wa mtandaoni uitwao FarmVille, na siku ile ilikuwa ya mwisho kwa mchezo wenyewe. Mjukuu wangu, aliyekuwa na miaka tisa, alisimama nyuma ya kiti changu. Akaniuliza, "Bibi, mbona unalia? Si picha tu hizo?"

Sikumjibu. Mtoto akiuliza swali la kweli, mtu mzima hukumbuka ghafla kwamba ana chungu jikoni. Nilikwenda jikoni, na swali likanifuata huko. Ninayoyaandika hapa ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, kwa ajili ya wale ambao hawakupata kuuona. FarmVille ulitolewa mwezi Juni 2009 na kampuni ya Kimarekani iitwayo Zynga, na ulichezwa ndani ya Facebook. Kila mchezaji alipewa kipande cha ardhi, akalima, akapanda, akangoja, akavuna. Muda wa kungoja ulikuwa muda wa kweli: stroberi zilikomaa kwa saa nne, maboga kwa saa nane, ngano kwa siku tatu. Usipovuna kwa wakati, mazao yalinyauka. Miti na mifugo haikunyauka. Ilikungoja mpaka urudi. Na mtu hakuweza kufika mbali akiwa peke yake. Mchezo ulimtaka awe na majirani, nao walikuwa watu wa kweli, kila mmoja nyumbani kwake. Uliweza kuingia katika shamba la jirani hata kama hayupo, ukamwekea mbolea, ukamfukuzia kunguru, au ukampelekea zawadi ya mti. Akirudi, alikuta mimea yake inameremeta, na jina lako limeandikwa kwamba ndiye uliyepita. Mwanzoni mwa mwaka 2010 wachezaji walizidi milioni 80 kwa mwezi, karibu mara mbili ya watu wote wa Tanzania ya wakati ule.

Huku kwetu mchezo huo ulifika kwa bahati ya wakati. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifikisha intaneti ya kasi katika pwani ya Afrika Mashariki. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa chuoni, aliniletea modemu ndogo ya kuchomeka, akanifungulia Facebook, akaniambia, "Mama, nawe usibaki nyuma." Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na jioni zangu zilikuwa ndefu. Nikaanza kulima.

Sasa ni lazima nieleze jambo ambalo halihusu mchezo, maana bila hilo machozi yangu yatakuwa ya kuchekesha tu.

Baba yetu alifariki mwaka 2004, akaacha shamba la minazi njia ya kwenda Pangani. Katika kugawana, mimi nilihesabiwa minazi 14 upande wa kisimani. Mdogo wangu wa kiume alipata sehemu iliyo kubwa zaidi, kama mirathi yetu inavyoagiza, na sikuwa na neno juu ya hilo. Mwaka 2006 alikuwa akitafuta fedha za kwenda kufanya kazi Muscat. Akaliuza shamba lote, na minazi yangu ndani yake. Aliniambia baada ya kupokea fedha. Alisema, "Dada, nisamehe, nitakulipa nikipata kazi." Nilimjibu maneno ambayo sitayarudia hapa. Akasafiri bila mimi kumsindikiza, na kwa miaka mitatu hatukupeana hata mkono wa Idi.

Mwishoni mwa mwaka 2009 nilipata ombi ndani ya FarmVille: fulani anataka kuwa jirani yako. Fulani huyo alikuwa mdogo wangu. Mpaka leo sijui kama alinikusudia mimi, au alibonyeza tu kitufe cha kuwapelekea watu wote aliowajua. Nilikaa na ombi lile siku mbili. Siku ya tatu nikalikubali, nikijiambia kwamba nahitaji majirani ili nipanue shamba.

Asubuhi moja nilifungua nikakuta mimea yangu inameremeta. Alikuwa amepita usiku. Kesho yake nami nikapita kwake. Shamba lake lilikuwa nadhifu, mistari imenyooka, ng'ombe wamepangwa kama askari. Alikuwa hivyo tangu utotoni, hata viatu vyake alivipanga. Langu lilikuwa la ovyo. Nilipenda kupanda stroberi usiku kabla ya kulala, nikaamka nikizikuta zimenyauka, na kesho nikazipanda tena. Kwa miaka kadhaa hali ikaenda hivyo: yeye akipita kwangu, mimi nikipita kwake. Mara alinipelekea mti wa parachichi, mara nami nikampelekea mti wa limau. Hatukuandikiana hata neno moja. Sehemu ya kuandika ilikuwapo palepale, ikitutazama.

Mwaka 2016 alifariki Muscat, kwa moyo, akiwa bado hajatimiza miaka 52. Alizikwa kulekule. Habari niliipata kwa simu. Baada ya arobaini niliingia katika shamba lake. Mistari ilikuwa ileile iliyonyooka, lakini mazao yote yamekauka. Miti ilikuwa imesimama imejaa matunda, ikimngoja. Tangu siku ile nilikuwa napita mara moja moja, kama mtu anavyopita makaburini akisoma Fatiha. Sikuwa na la kufanya pale. Nilitazama, nikaondoka.

Mwezi Septemba 2020 Zynga walitangaza kwamba mchezo utafungwa mwisho wa mwaka. Sababu yenyewe haikuwa na chuki kwa mtu. FarmVille ulijengwa juu ya programu iitwayo Flash, mali ya kampuni ya Adobe, na Adobe walikwisha kutangaza tangu mwaka 2017 kwamba wataacha kuihudumia mwisho wa 2020. Nyumba ilikuwa imejengwa juu ya nguzo za mtu mwingine, na nguzo zilikuwa zinaondolewa. Tarehe 17 Novemba walifunga mlango wa malipo, ili watu wasiendelee kununua vitu vya nyumba inayobomolewa. Kisha ikaja ile jioni niliyoieleza, na swali la mjukuu wangu.

Si picha tu? Watu wengi wazima nao wangeuliza vivyo hivyo. Hoja yao ni hii: kitu ambacho hakikuwapo hakiwezi kupotea. Hapakuwa na udongo, hapakuwa na stroberi, basi pamepotea nini? Nimelifikiri jibu hilo, na naona linadanganya kwa kusema nusu ya kweli.

Hebu tulitazame bao. Kete za bao ni mbegu tu za mkomwe. Wazee wanapokaa barazani wakacheza, hakuna anayedhani kwamba zile mbegu ni ng'ombe au mateka wa kweli. Mchezo ukiisha, mbegu hurudi kwenye mfuko. Lakini mzee akimwibia mwenzake kete mbili, wizi huo ni wa kweli. Na mzee mmoja akiacha nafasi ya kushinda kwa sababu mwenzake amefiwa juzi, huruma hiyo nayo ni ya kweli. Mbegu ni za kuigiza, bali mikono inayozisogeza si ya kuigiza. Vivyo hivyo mbolea aliyoniwekea mdogo wangu haikuwa mbolea, ila kupita kwake kulikuwa kupita. Usiku fulani, katika mji ulio ng'ambo ya bahari, mtu aliyechoka kazini alikaa akatumia dakika zake kwa ajili yangu. Dakika hizo zilitoka katika umri wake, na umri wake haukuwa mrefu.

Basi palikuwa na kitu cha kupotea. Swali la pili ni hili: kilikuwa mali ya nani?

Sisi watu wa pwani tunalijua swali hilo kwa njia yetu. Kwetu mnazi na ardhi ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na mnazi ulioota katika ardhi ya mwingine, na Mombasa watu wameishi miaka mingi katika nyumba walizozijenga wenyewe juu ya viwanja wanavyovilipia kodi kwa mwenye ardhi. Mnazi ni wako mpaka siku mwenye ardhi anapoihitaji ardhi yake, na hapo ndipo utu wa watu hupimwa. Mwenye ardhi mwungwana hutoa taarifa mapema, humwacha mkulima avune, na hulipa thamani ya alichokipanda. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo inakubali msingi huo: ardhi yote ni ya umma, lakini anayeondolewa alipo hulipwa fidia ya jasho alilolimwaga pale.

Wachezaji wa michezo ya mtandaoni ni wapandaji wa minazi katika ardhi ya mtu. Muda ni wao, urafiki ni wao, uwanja ni wa kampuni. Wala si FarmVille peke yake. Mchezo wa mbio za magari uitwao The Crew, wa kampuni ya Ubisoft, ulitoka mwaka 2014. Mashine zake kuu zilipozimwa tarehe 31 Machi, 2024, hata mtu aliyenunua diski yake dukani hakuweza tena kuucheza, hata peke yake. Tukio hilo lilizaa harakati kubwa, na kufikia mwaka 2025 zaidi ya sahihi milioni moja zilikusanywa katika nchi za Umoja wa Ulaya kutaka wenye michezo wasiifishe namna hiyo. Jimbo la California nalo lilipitisha sheria mwaka 2024, kwamba muuzaji asimwambie mteja "nunua" pasipo kumfahamisha wazi kuwa anachopata ni ruhusa ya kutumia tu.

Upo pia mfano wa kutia moyo. Mchezo wa City of Heroes, wa kampuni ya Kikorea NCSoft, ulifunguliwa mwaka 2004 ukafungwa tarehe 30 Novemba, 2012. Wachezaji wake hawakukubali ufe. Mwaka 2019 ilijulikana hadharani kwamba baadhi yao walikuwa wameuhifadhi na kuuendesha wenyewe kwa siri, na mwezi Januari 2024 kampuni ikalipa kibali rasmi mojawapo ya makundi hayo. Mwenye ardhi alisema, kwa maneno mengine: mimi sina tena haja ya kulima hapa, limeni nyinyi. Sijaona kwamba alipungukiwa na chochote.

Kwa hiyo naamini mwenye uwanja ana haki ya kuufunga, na pia ana deni. Anadaiwa taarifa ya mapema. Anadaiwa kusema ukweli siku ya kwanza, kwamba unachokipanda hapa hakitakuwa chako milele. Na pale inapowezekana, anadaiwa kuwaachia watu njia ya kuchukua walichokipanda, au kukiendesha wenyewe. Siwalaumu walionifungia mimi. Taarifa walitupa, na miezi mitatu ni muda wa kutosha kwa mtu kuvuna.

Hapa ndipo nilipokwama jioni ile, na hapa ndipo insha hii inapokuwa ngumu kwangu. Nilikuwa na miezi mitatu ya kuvuna, nami sikujua navuna nini.

Nilianza kuhesabu miti katika shamba langu. Nilitaka kujua ile ya parachichi aliyonipa mdogo wangu ni mingapi, kama inafika 14. Naomba msomaji asinicheke. Wazo lilikuwa limeniingia kwamba labda alikuwa akinilipa. Lakini majirani wengi walinipa parachichi, na miti yote ya namna moja ilifanana kabisa. Sikuweza kutofautisha wa kwake na wa mtu mwingine. Nikaacha kuhesabu. Hata kama ningeipata 14, ningesema nini? Mnazi wa kweli haulipwi kwa parachichi la picha. Na kama hakuwa akilipa, bali akisalimia tu?

Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Nadhani alichokuwa akinifanyia kilikuwa nusu hiyo, nami niliipokea kwa miaka zaidi ya sita, nikarudisha nusu ileile, nikajiridhisha kwamba mambo kati yetu yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Alikuwa ameomba msamaha kwa mdomo mwaka 2006, na kwa mdomo sikumjibu kamwe. Shamba la picha lilinipa mahali pa kuwa mwema bila kuwa mnyenyekevu. Niliweza kumfukuzia kunguru usiku wa manane, lakini sikuweza kumwandikia neno moja, "nimekusamehe". Hilo si kosa la mchezo. Barazani pia watu wawili wanaweza kucheza bao miaka kumi juu ya jambo lisilosemwa.

Kuna jambo jingine, ambalo ni aibu zaidi. Katika dini yetu deni la marehemu si jambo dogo. Kabla ya maziko husimama mtu akatangaza: mwenye kumdai marehemu, ajitokeze. Tangazo hilo lilipotolewa Muscat mimi nilikuwa Tanga, na hakuna aliyeniuliza. Mdai nilikuwa mimi, nami nilinyamaza miaka minne. Si kwa sababu nilitaka nilipwe. Kila nilipopita katika shamba lake na kuiona ile mistari iliyonyooka, nilijihisi nimemzuru na nimefanya wajibu wangu, na deni lenyewe halikunijia akilini. Ningeachiwa shamba lile kwa miaka mingine ishirini, naamini ningepita tu na kutazama, mpaka nami nizikwe na neno langu.

Siku ya mwaka mpya mchezo haukufunguka tena. Nilijaribu mara mbili, nikafunga kompyuta. Hapakuwa tena na mahali pa kupita. Siku ya tatu nilimpigia simu mkwe wangu Muscat, nikamwomba nizungumze naye pamoja na mtoto wake mkubwa. Niliwaambia habari ya minazi 14, mwanzo hadi mwisho, pamoja na maneno niliyomwambia baba yao. Nikasema mbele yao wote wawili kwamba namwachia, duniani na akhera, simdai kitu, nami naomba waniombee radhi kwa kuchelewa. Mkwe wangu alilia. Alisema marehemu alikuwa amemweleza habari ya minazi, na kwamba alikuwa akiona haya kuianza.

Ndipo yule kijana akasema, "Shangazi, mimi habari ya minazi sikuijua. Najua stroberi. Kila usiku kabla ya kulala baba alikuwa anafungua kompyuta anacheka peke yake, anasema, mtazameni dada yangu, mtoto wa mkulima, kapanda tena stroberi saa nne usiku, nani atamvunia?"

Sasa naweza kumjibu mjukuu wangu. Zilikuwa picha, ndiyo, na zimefutika, na aliyezifuta alikuwa na haki ya kuzifuta. Wala hakuna uwanja wa kukutania usio na mwenyewe na siku yake ya kufungwa, uwe wa mtandaoni au wa udongo; hata baraza ya bao hubomolewa nyumba ikiuzwa. Nililia kwa sababu mtu alikuwa akinicheka kwa mapenzi kila usiku ng'ambo ya bahari, nami sikujua, na kumwuliza lilikuwa jambo la mstari mmoja tu wa maandishi. Kwa hiyo, mjukuu wangu, cheza na watu huko mtandaoni kadiri upendavyo. Ila lile neno ambalo ungelijutia usipolisema, lisome kwa sauti kwa mwenyewe, mapema, kabla wenye uwanja hawajatangaza tarehe.